Kisomo kilifaulu, kisha watu wakasahau kusoma

Nafanya kazi ya elimu ya watu wazima Kanda ya Ziwa, Tanzania, na swali ninaloulizwa sana ni hili: imekuwaje nchi iliyosifiwa duniani kwa kufuta ujinga bado ina watu wazima wengi wanaotia dole gumba?

Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na walimu wa shule za msingi wakasaidiwa na yeyote aliyejua KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulionyesha wasiojua wamebaki asilimia 39. Ule wa 1986, asilimia 9.6. Ni kazi kubwa mno, na inaniuma ninaposikia vijana wakiizungumzia kama propaganda tu.

Siri mojawapo ilikuwa kisomo chenye manufaa, kilichojaribiwa Mwanza na mikoa jirani kuanzia 1968 kwa msaada wa UNESCO. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Alichokisoma jioni alikwenda nacho shambani asubuhi.

Lakini zile asilimia zilikuwa na jambo ndani yake. Wanakisomo walipimwa kwa hatua nne, na aliyefika ya tatu alihesabiwa kuwa anajua. Wa hatua ya tatu husoma sentensi fupi, polepole, kwa kufuata kidole. Mtu huyo asipopata cha kusoma, miaka michache inatosha kumrudisha alikotoka. Waliopanga kampeni walilijua hilo, ndiyo maana kukawa na maktaba za vijiji, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likawafikia wakulima wa kanda hii. Ulipofika ugumu wa uchumi wa miaka ya 1980, karatasi ikaadimika, maktaba zikabaki makabati matupu, na fedha za madarasa zikakatwa. Sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma wala kuandika. Shule za msingi nazo zilikuwa zimepungukiwa wanafunzi miaka ya 1990, kwa hiyo wasiojua si wazee peke yao.

Duniani leo watu wazima wasiojua kusoma ni zaidi ya milioni 700, na karibu theluthi mbili ni wanawake. Wanaolipa gharama yake nawaona kwa wakala wa pesa za simu. Mama anafika na simu mkononi, anamtajia kijana wa kibandani namba yake ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Ujumbe wa salio ukiingia, anausomewa na huyo huyo aliyemtolea pesa. Akiambiwa zimebaki elfu nane, ni elfu nane. Nyumbani ana kadi ya kliniki ya mjukuu yenye tarehe ya kurudi, naye anamsubiri mtoto wa jirani atoke shule ndipo aijue.

Kwa hiyo ninapoombwa kufungua darasa, nauliza kwanza watasoma nini wakishamaliza. Wengi wanaoniomba wana bajeti ya ubao, chaki na posho ya mwezeshaji, basi. Mimi natumia meseji za salio, kadi za kliniki, stakabadhi za mizani ya pamba na daftari la vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), kwa sababu hivyo vitakuwepo hata mradi ukiondoka. Halafu kuna miwani ya kusomea, ambayo karibu hakuna anayeikumbuka: mwanafunzi wa miaka 50 anaitwa mzito wa kuelewa, kumbe herufi hazioni. Siku hizi naiweka kwenye bajeti kabla ya chaki, na wafadhili wakitaka kuikata, nakataa.