Chipu ya mapafu siyo pafu, jamani

Juzi tena. Nimemaliza kuonyesha slaidi zangu za chipu ya mapafu, kifaa kidogo cha maabara tunachopandia seli za mapafu, ndugu mmoja kanyoosha mkono: "Kwa hiyo mmeshatengeneza pafu, panya wa maabara basi tena?" Nimeulizwa hivi mara nyingi mno na kila mara najibu kwa adabu kwa dakika mbili halafu muda unaisha. Hapa kwangu muda haunibani.

La neno chipu nalimaliza haraka. Haina betri, haina data, na hakuna mtu anayewekewa mwilini. Imeitwa hivyo kwa sababu kalibu yake inachongwa kwa mwanga, mbinu ileile ya chipu za kompyuta, halafu unamimina PDMS ambayo ni raba angavu ya silikoni, inaganda, unabandua, unapata kitu cha ukubwa wa flashi. Basi.

Sasa hili la "pafu". Mapafu yako yana vifuko vya hewa mamia ya mamilioni. Kwenye chipu yangu hamna hata kifuko kimoja, kuna ukuta. Ukuta wa kifuko, kipande kidogo tu: mfereji wa juu una hewa, wa chini unapita maji ya lishe badala ya damu, katikati kuna utando wa raba hiyohiyo wenye vitundu, upande wa juu nimepanda epithelia, yaani seli zinazofunika upande wa hewa, upande wa chini endothelia, zile zinazofunika ndani ya mishipa ya damu. Pembeni kuna vyumba viwili tunavyovinyonya hewa, utando unavutika, tukiachia unarudi. Muundo huu waliutoa Dan Huh na Donald Ingber pale Wyss Institute ya Harvard, kwenye jarida la Science mwaka 2010, na wengi wetu bado tunapita njia hiyo. Ukiweka jicho kwenye darubini unaona seli zote zinavutika kwa pamoja, asilimia 10 hivi, zinarudi, kila sekunde 5, kama ngozi ya tumbo la mtoto aliyelala. Miaka inapita na bado nikiiona nanyamaza.

Na hapa ndo panaponiuma, kwa sababu watu wakishaambiwa siyo pafu wanaruka upande wa pili wanasema kumbe haina maana. Sikiliza hii ya 2012. Kuna dawa ya saratani inaitwa IL-2, wagonjwa wengine wakipewa mapafu yao yanajaa maji, na wengi waliamini seli za kinga lazima zihusike. Kundi la Harvard wakaipitisha kwenye mfereji wa chini kwa kiwango kama cha wagonjwa, na ndani ya siku chache maji yakaanza kupenya kuingia upande wa hewa. Mle ndani hamkuwa na seli ya kinga hata moja! Halafu wakagundua kwamba ule mvutano wa kupumua ndo unaozidisha uvujaji, utando usipovutwa tatizo linakuwa dogo zaidi. Sasa niambie, kwa mnyama mzima ungemwambiaje aache kupumua, au umtoe kinga yote abaki na vingine vyote sawasawa? Jibu lilipatikana kwa sababu ya vile ambavyo chipu haina. Ndo maana neno "pafu" linanikera kiasi hiki, linaficha kitu chenyewe kinachoipa faida.

Ya wanyama nayo inasemwa kombo. Sheria ya Marekani ya Desemba 2022, FDA Modernization Act 2.0 (FDA ni mamlaka yao ya chakula na dawa), iliondoa ulazima wa kupima kwa wanyama kabla dawa haijajaribiwa kwa watu. Haikupiga marufuku wanyama. Na ule utafiti mzuri wa kifua kikuu uliofanyika Lausanne, Uswisi, ukatoka 2020, ulioonyesha kwamba surfaktanti, ule ute unaozuia vifuko vya hewa visinywee, ikikosekana bakteria wanakua bila breki ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, na ndani ya epithelia pia, ulitumia chipu, ndiyo, lakini seli zilikuwa za panya.

Mashaka yangu mwenyewe ni haya. Utando wa ile chipu ya mwanzo una unene wa maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati ukuta wa kweli sehemu zake nyembamba haufiki hata maikromita 1, kwa hiyo nikipima kitu kinachukua muda gani kuvuka sina uhakika kama napima seli au napima raba. Raba yenyewe inafyonza dawa zinazopenda mafuta, unaweka kiasi fulani, seli zinapata pungufu, na ukiripoti ulichoweka badala ya kilichofika umedanganya bila kukusudia. Asilimia 10 ni wastani tuliokubaliana, pafu halivutiki sawa juu na chini. Seli za A549 wanazotumia wengi zilitoka kwenye uvimbe wa saratani mwaka 1972, na zile za epithelia za mtu mzima, aina ya pili, yaani zinazotengeneza surfaktanti, ukizipanda zinaanza kugeuka kuwa aina nyingine baada ya siku chache tu. Halafu kuna povu. Povu moja la hewa likiingia mfereji wa chini linakwangua endothelia yote, nimewahi kufungua inkubeta asubuhi nikakuta wiki mbili za kazi zimekwenda, na hayo hayaingii kwenye makala ya jarida.

Lakini linalonikosesha usingizi ni karatasi inayokuja na seli. Kila kichupa kina karatasi ya mtoaji: umri, jinsia, anavuta sigara au havuti. Mama yangu hajawahi kushika sigara, kapika kwa kuni tangu msichana, jikoni dirisha moja dogo, na anakohoa. Kwenye karatasi ile angeandikwa "havuti", na mimi ningezipanda seli zake kama mfano wa pafu safi. Nilimwandikia muuzaji kuuliza kama wana taarifa za moshi wa jikoni. Akajibu kwamba swali hilo halimo kwenye fomu yao.