Tope la mawese likimwagwa bichi, shamba hukosa pumzi

Chikichi zikishachemshwa, zikapondwa na mafuta yakaenguliwa, chini ya pipa hubaki maji mazito ya kahawia. Kila nikifika kwa akina mama wakamuaji wa Kigoma naulizwa: "Bwana shamba, haya si mbolea? Si yametoka kwenye tunda?"

Yametoka kwenye tunda kweli, na yamebeba potasiamu, naitrojeni na magnesi. Tatizo ni kuyamwaga yakiwa mabichi.

Nenda nyuma ya banda, pale yanapomwagwa kila siku. Juu pana gamba jeusi lililopasukapasuka. Mimina kikombe cha maji: hayazami, yanajiviringa kama umande juu ya jani la gimbi, kwa sababu mafuta yamezifunika chembe za udongo. Chimba shubiri moja. Udongo uliokuwa mwekundu umekuwa wa kijivu na unanuka yai viza. Vijidudu wamejazana kula mafuta na sukari, wakamaliza oksijeni yote. Mizizi haina pa kupumulia.

Vijidudu hao hao huhitaji naitrojeni kujenga miili yao, na huiwahi kabla ya mahindi. Ndiyo maana mahindi yaliyomwagiwa tope hili hupata umanjano kuanzia majani ya chini. Naitrojeni hiyo itarudi vijidudu wakifa, lakini mahindi hayana muda wa kuingoja. Ongeza uchachu: pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu unapanda) ya maji haya mabichi huwa kati ya 4 na 5, na udongo mwingi wa miinuko yetu tayari ni mchachu. Chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi.

Mtoni msiyapeleke kabisa. Yataua samaki kwa kumaliza oksijeni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Ninachowaomba ni mashimo mawili ya kutuamishia maji haya, mbali na kisima, moja likijaa mnahamia la pili. Engueni mafuta yanayoelea. Yanafaa kwa sabuni. Tope litakalotuama changanyeni na mashada matupu, yaliyokwisha kutolewa chikichi, yakiwa yamekatwakatwa, mgeuze lundo mara kwa mara kwa miezi miwili hadi mitatu. Majivu ya mashada mnayochoma msiyatupe: yana potasiamu nyingi na hupunguza uchachu. Nasikitika kila ninapoyaona yamezolewa na mvua.

Lundo lililoiva halina joto na hunukia udongo wa msituni. Bado una shaka? Chukua makopo mawili, moja la udongo mtupu, jingine la udongo uliochanganywa na mboji hiyo, panda mchicha kwenye yote. Mchicha wa kopo la pili ukichelewa kuota au ukiota na manjano, rudi ukaligeuze lundo.