"Mmeshamkatia tamaa baba?": Dhana potofu kuhusu utafiti wa mionzi

"Daktari, kama mmeshamkatia tamaa baba, tuambieni tu." Kauli hiyo nimeisikia mara tatu wiki hii. Ya mwisho ilitoka kwa binti aliyeshika fomu ya ridhaa, kidole kimegandia kwenye neno "utafiti". Baba yake, ambaye saratani ya tezi dume imeshafika kwenye nyonga, alikuwa amekalia upande mmoja wa kiti kwa sababu wa pili haukaliki.

Dhana: Ukiingizwa kwenye utafiti wa mionzi, umegeuzwa kitu cha kujaribia

Dozi ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) tunayoitoa mara moja tu kwa maumivu ya mifupa, ambayo leo haimshangazi mtu, ilipita njia hiyohiyo ya utafiti. Zamani wengi walipewa grei 30 kwa siku 10. Majaribio yakalinganisha ratiba hizo mbili, na nafuu ikawa sawa: wagonjwa takriban 6 kati ya 10. Waliopata dozi moja walirudiwa tiba mara nyingi zaidi, takriban asilimia 20 dhidi ya 8. Hiyo ni kweli na mgonjwa aambiwe. Lakini waliokubali majaribio yale ndio waliowapunguzia wenzao safari tisa za kupanda kitanda cha mashine huku mfupa unawaka moto. Nani alikuwa amewakatia tamaa?

Huko Cincinnati, Marekani, mionzi ya protoni (chembe ndogo za atomu) ya mtindo wa FLASH, yaani wa kupigwa kwa kasi kubwa mno, ilijaribiwa kwa wagonjwa 10 wenye saratani iliyosambaa kwenye mifupa ya mikono na miguu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Dozi ilikuwa ileile, grei 8. Kilichokuwa kipya ni kasi: mionzi yote iliingia kabla sekunde moja haijaisha. Jaribio la namna hiyo, la hatua za mwanzo, huangalia kwanza usalama na kama kazi inawezekana. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza hivi, na usione haya: Mnapima nini? Nisipoingia, mtanitibu kwa njia gani? Nikitaka kujitoa? Jibu la swali la mwisho ni moja tu: unajitoa wakati wowote, na matibabu yako mengine yanaendelea. Daktari anayebabaika hapo, usimsainie.

Dhana: Kesho yake bado inauma, basi mionzi imeshindwa

Hapana! Siku chache za mwanzo maumivu yanaweza hata kuzidi, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa kufika. Usiache mofini. Nunua daftari dogo, uandike namba ya maumivu, 0 hadi 10, asubuhi na usiku. Wagonjwa wangu wote nawadai daftari hilo.

Dhana: Ataambukiza wajukuu mionzi

Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Akishuka kitandani, mpeni mjukuu ampakate. (Dawa za mionzi za kudungwa zina masharti yake, tutawaeleza.)

Dhana: Palipopigwa mionzi hapapigwi tena

Mara nyingi panaweza kurudiwa, kwa kupiga hesabu ya dozi.

Ila kuna jambo moja lisilongoja utafiti wala tarehe ya kliniki. Mwenye saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo akilegea miguu, akifa ganzi au mkojo ukigoma kutoka, mleteni siku hiyohiyo, hata usiku.