Saa 2 asubuhi si 02:00: makosa ya taarifa za mgonjwa yanaanzia wapi

Mama amejifungua salama Jumatano, saa 2 asubuhi. Muuguzi ameandika kwenye kadi "saa 2", maana ndivyo tunavyosema sote, Mbeya hadi Iringa. Mchana karani anahamishia taarifa kwenye kompyuta na kuandika 02:00. Kwa kompyuta hiyo ni saa 8 usiku. Mtoto ameongezewa saa sita ambazo hajaziishi. Mama anayetakiwa kubaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua anaweza kuruhusiwa mapema kwa saa hizo sita, na ni ndani ya siku hiyo ya kwanza ambapo damu nyingi huweza kumtoka.

Nimeanza na saa kwa sababu kosa hili halimwonyeshi mtu yeyote kuwa mzembe. Muuguzi aliandika sawasawa, na karani alinakili sawasawa. Mfumo tu haujui saa za Kiswahili, na hakuna aliyewaambia wawili hao wakubaliane. Dawa yake ni rahisi: kituo kizima kiandike saa za kompyuta hata kwenye karatasi, na saa ya ukutani iliyo wodi ya wazazi iwekewe kibandiko cha kukumbusha.

Sasa hivi hospitali na vituo vyetu vingi vya umma vinatumia mifumo ya kompyuta kama GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kutunza taarifa za wagonjwa, na takwimu zake ndizo zinazolisha ripoti za MTUHA, yaani takwimu za huduma za afya za nchi. Ripoti ikionekana na kasoro, wengi hukimbilia kuirekebisha ripoti. Hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Ukibadilisha namba kwenye ripoti, faili la mgonjwa linabaki na kosa lilelile, na kesho daktari atalisoma faili, si ripoti.

Kosa linalonisumbua zaidi ni mtu mmoja kuwa na mafaili mawili. Huku kwetu lina njia nyingi za kuingia. Leo jina limeandikwa Atupakisye, mwezi ujao Atupakisie. Leo ametaja jina la baba, kesho la mume, na kijijini anajulikana kama Mama Lusajo. Simu aliyoandikisha ni ya mwanawe, ambayo pia iko kwenye mafaili ya watu wengine wanne wa nyumba hiyo. Katika kituo kimoja nilikaa dirishani na karani asubuhi nzima. Mgonjwa asipopatikana kwa mara ya kwanza, na foleni imefika mlangoni, karani anafungua faili jipya. Simlaumu. Lakini ikiwa mzio wa penisilini uliandikwa kwenye faili la zamani, daktari aliyefungua jipya hauoni.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inasaidia sana hapa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo karani anaweza kuilinganisha na tarehe iliyo kwenye faili papo hapo. Asiye nayo atafutwe kwa njia mbili au tatu kabla ya kufunguliwa faili: jina, kijiji, namba ya kadi ya zamani. Na bibi asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa asibandikwe tarehe 1 Januari kana kwamba ni kweli; iandikwe kuwa umri ni wa kukadiria.

Uzito nao una hatari yake. Kyela, ambako joto la ziwani linaleta malaria kuliko huku juu Mbeya mjini, mtoto wa kilo 9.5 anatakiwa kupewa kidonge kimoja cha dawa mseto kwa kila dozi. Nukta ikidondoka anakuwa na kilo 95, na kwa uzito huo dozi ni vidonge vinne. Mfumo mzuri unapaswa kushtuka na kuuliza, "Una uhakika?" Lakini tusizidishe: nafasi zote zikifanywa za lazima, mtu mwenye haraka atajaza sifuri ili apite. Afadhali pawepo chaguo la "hakupimwa".

Umeme ukikatika, kama Tukuyu wakati wa mvua, kazi inarudi kwenye karatasi. Ukirudi, anayeingiza taarifa aandike tarehe ya huduma, asiiache kompyuta iweke ya leo.

Kwa waganga wafawidhi, nashauri jambo moja: kila Ijumaa chukueni mafaili kumi bila kuchagua, myalinganishe na karatasi pamoja na karani aliyeyaingiza, bila kumfokea. Karani anayefokewa huficha makosa.

Nawe mgonjwa, njoo na kadi yako ya kliniki, bima na kitambulisho, taja majina kwa mpangilio uleule kila mara, na mwombe karani akusomee alichoandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zirekebishwe. Ukiona jina au tarehe imekosewa, sema palepale dirishani. Usikubali ufunguliwe faili jipya. Omba lile la zamani lirekebishwe, na mfumo uonyeshe nani amebadilisha nini, na lini.