Kuona fursa ya kidijitali maana yake nini hasa

Semina zote siku hizi ni fursa za kidijitali, ila ukiuliza taasisi inazionaje hizo fursa utaambiwa nunua kompyuta, fungua peji, tafuta kijana wa IT. Mimi nipo Kigoma na naona hapo ndo tunapokosea, kifaa siyo fursa. Fursa ipo pale ambapo kitu kinachowezekana na teknolojia kinakutana na shida unayoijua tayari, na wengi shida wanayo kila siku ila hawaitambui.

Chukua akina mama wanaoanika dagaa pale Kibirizi. Dagaa wa ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inatulia, kwa hiyo mzigo unapanda na kushuka kila mwezi. Mteja wa Dar hayajui hayo, anapiga, mama mzigo upo? wamekauka vizuri? bei gani leo? akikata anapiga mwingine na maswali yaleyale, na anayepokea simu anaona anasumbuliwa tu, kumbe swali likirudi mara nyingi hivyo linakuonyesha wateja wanatafuta nini na hawakipati. Hapo sasa picha ya dagaa na bei kila asubuhi kwenye status ya WhatsApp, siku za giza zikitangazwa mapema, malipo kwa lipa namba, basi. Simu walikuwa nazo siku zote.

Mtaalamu David Teece mwaka 2007 aliigawa hii kazi ya kutumia fursa sehemu tatu, mi naziita kunusa (kuiona fursa), kudaka (kuichukua) na kujipanga upya (kubadilisha taasisi iendane nayo). Taasisi nyingi zinakwama kwenye kunusa, maana anayenusa ni karani, dereva, dada wa kaunta, na hao kwenye kikao hawaitwi kabisa!

M-Pesa yenyewe ilianza hivyo. Majaribio ya Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo kwa simu, ila wakaanza kutumiana hela wao kwa wao kwa mambo yao mengine. Wangeweza kuambiwa mnatumia mfumo vibaya, acheni. Badala yake waliosimamia wakaangalia watu wanafanya nini, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Hapo ndipo penye somo lote la kunusa: mtumiaji akikiuka ulichopanga, muulize kwanza kwa nini kabla hujamzuia.

Kwa hiyo kama we ni katibu wa chama cha ushirika au una duka pale Mwanga hapa Kigoma mjini, weka daftari wiki moja, aliye mbele ya wateja aandike kila swali linalorudiwa na kila njia ya mkato ambayo watu wamejitungia wenyewe. Halafu angalia wateja wako wanatumia simu gani, maana kama wengi wana kitochi hiyo picha ya status hawataiona, waandikie meseji ya kawaida.