Kwa Walezi wa Wakutubi Wapya: Kibali Hutangulia Data

Malalamiko yanayofika kwenye kamati yetu ya maadili ya utafiti yanafanana. Mkutubi mpya amegawa hojaji, amekusanya majibu na kuyachambua, ndipo anakuja kuomba kibali, tena fomu ikiwa na saini ya mlezi wake wa kitaaluma. Kamati haitoi kibali kwa data ambayo imeshakusanywa.

Hatutilii shaka nia ya walezi. Tunaomba tu utaratibu ufuatwe. Andiko la utafiti huletwa pamoja na hojaji yenyewe, fomu ya ridhaa, na maelezo ya nani ataziona data, zitatunzwa wapi na zitafutwa lini. Wahojiwa wakiwa watoto, ridhaa ya mzazi huambatana na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Swali likiongezwa baada ya kibali, hata moja, hojaji hurudi kwenye kamati.

Bado tunaambiwa, “Kumbukumbu za uazimaji ni mali ya maktaba, kibali cha nini?” Msomaji alitoa jina lake ili aazime kitabu, basi. Kanuni za maadili za mwaka 2012 za IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, zinataka taarifa zake zisivuke shughuli aliyozitolea. Wala kufuta majina hakutoshi: tarehe, idara na kitabu kisichoazimwa na wengi vinaweza kumtambulisha mtu.

Makala iliyokiuka haya inaweza kukataliwa, au kuondolewa na jarida baada ya kuchapishwa, na tangazo la kuondolewa likabaki wazi kwa kila mtafutaji. Mwajiri naye anaweza kuchukua hatua za kinidhamu. Mlezi aliyesaini hasalimiki.

Kazi kubwa ya mlezi, kwa maoni yangu, iko kwenye swali. “Je, huduma zetu zinaridhisha?” halipimiki, na hojaji ndefu hailiokoi. Mlezi amuulize mkutubi: unataka kuamua nini ukipata jibu? Hapo swali hujibana lenyewe: wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukwama wapi wanapotafuta makala kwenye katalogi? Hilo halihitaji hojaji. Linahitaji kukaa na wanafunzi wachache walioridhia, kuwatazama wakitafuta, na kuandika kila wanapokwama. Ni utafiti mdogo, lakini maktaba inaweza kurekebisha jambo kutokana nao.

Na mlezi asidai jina lake kwenye makala kwa sababu tu alishauri, shukrani zinatosha.

Waliokwisha kukusanya data bila kibali wasiendelee kuzichambua. Walete andiko na hojaji waliyotumia, wakiongozana na walezi wao, kabla ya kumwendea msomaji mwingine yeyote.