Utafiti wa Kifasiri Ni Nini?

Utafiti wa kifasiri ni namna ya kuchunguza maisha ya watu inayotanguliza swali moja: wanaotenda jambo hili, wenyewe wanalielewaje? Swali la wangapi wanalitenda, au kipi kimesababisha kipi, linaweza kuja baadaye au lisije kabisa. Wanafunzi wengi huuchanganya na utafiti wowote wa kitaamuli, yaani ule usioegemea takwimu. Lakini mtu anaweza kufanya mahojiano na watu thelathini, akahesabu waliosema ndiyo na waliosema hapana, akatoa asilimia. Huyo ametumia mahojiano, ila hajafasiri kitu.

Chukua mwalo wowote wa Mwanza, yaani ufuko ambapo wavuvi hushusha samaki, asubuhi mitumbwi ya dagaa inaporudi. Mvuvi anashuka, anammiminia mama mmoja nusu ndoo ya dagaa kwenye beseni, anaendelea na shughuli zake. Hakuna pesa iliyotoka. Ukiandika kwamba mwanamume amempa mwanamke dagaa nusu ndoo, umeandika kweli tupu na hujasema lolote. Huenda jana mama huyo aliwaanikia mzigo, na huo ndio ujira wake. Huenda ni mama ntilie aliyewakopesha chai na chapati siku zote za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi hazivuti dagaa na watu hawaingii ziwani; leo deni linapungua. Huenda ni mjane wa mwenzao aliyezama. Huenda ni uchumba, na kila aliyepo anajua isipokuwa wewe. Au mama ana ndugu kwenye uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na nyavu za usiku ule zilikuwa na matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa. Ndoo ni ileile, beseni ni lilelile, lakini ni matendo matano tofauti.

Mwanaanthropolojia wa Marekani Clifford Geertz, katika maandishi yake ya 1973, aliyapa maelezo yanayotofautisha matendo ya namna hiyo jina la maelezo mazito, dhana aliyoichukua kwa mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle. Kabla yao, Max Weber wa Ujerumani (1864–1920) alishasema kwamba tendo la kijamii halieleweki bila maana ambayo mtendaji mwenyewe analipa. Mengine yote katika mbinu hii yanatoka kwenye wazo hilo.

Mkoa wa Mwanza wenyewe una mfano ambao ningependa kila anayesoma sayansi ya jamii hapa aujue. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi wa MEMA kwa Vijana, uliotoa elimu ya afya ya uzazi na kupimwa matokeo yake katika jamii 20. Watafiti waliwauliza vijana kuhusu mahusiano ya kimapenzi kwa njia kadhaa: dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujaza mwenyewe, mahojiano ya kina. Walifanya pia vipimo vya maabara, na wengine wakaenda kuishi vijijini wakishiriki kazi na mazungumzo ya kila siku. Majibu yaligongana. Wapo waliosema hawajawahi kufanya ngono ilhali vipimo vilionyesha vingine.

Kwa daktari anayefuatilia maambukizi, swali halali ni njia ipi inakaribia ukweli zaidi. Mfasiri analiheshimu swali hilo, kisha anaongeza lake: yule aliyejibu "sijawahi" alikuwa anafanya nini alipojibu hivyo? Mimi nalisoma hivi. Binti wa shule ya msingi, mbele ya mgeni mwenye karatasi, alikuwa anajisitiri na kulinda nafasi yake ya masomo, kwani enzi hizo msichana akipata mimba alifukuzwa shule, na hali hiyo ilidumu hadi 2021. Jibu lake halifai kuhesabia ngono, lakini linafaa sana kuelewa heshima ya msichana inajengwaje na nani ana uwezo wa kuibomoa. Ukilitupa kama data mbovu, umetupa ushahidi.

Kujifunza mbinu hii kunaanzia kwenye daftari. Andika jioni ileile, kabla ya kulala. Tenga ulichokiona na ulichokiwaza, ukurasa huu na ule. Mtu akisema kwa Kisukuma au Kikerewe, andika alivyosema, Kiswahili kifuate chini. Nadharia tete (dhana ya kujaribiwa) na vigeu (mambo yanayopimwa yakibadilika) unaweza kuviacha. Anza na fumbo. Kwa nini wavuvi wanaoshiriki kuchoma nyavu haramu mchana wanaziazima usiku? Fumbo la namna hiyo linabadilika kadiri unavyosikiliza, na mabadiliko hayo yaandikwe pia.

Watu wa kuzungumza nao huchaguliwa kwa nafasi walizosimama. Tajiri mwenye mitumbwi, baharia anayelipwa kwa mgawo, mama anayeanika, mchuuzi wa Mwaloni Kirumba anayepakia magunia, afisa uvuvi, na hasa yule aliyekosana na BMU. Kila mmoja anauona mwalo uleule kutoka upande wake. Na wewe pia una nafasi yako: umekuja na barua ya chuo, umepitia kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa BMU ndiye aliyekutembeza. Usishangae siku ya kwanza kila mtu akikuambia sheria zinafuatwa. Walijibu walivyokuona, na ripoti yako lazima imwambie msomaji hivyo.

Pingamizi utakalolisikia kwenye kila utetezi wa tasnifu ni kwamba haya ni maoni yako tu. Ni pingamizi zito, na halijibiwi kwa kunukuu majina makubwa. Linajibiwa kwa kuonyesha njia uliyopita: mazungumzo gani yalikupa tafsiri ya kwanza, tukio gani liliivuruga, nani ulimrudia kumuuliza, akakataa nini. Tafsiri ambayo haikuwahi kukutana na mtu wa kuipinga mimi siiamini, hata ikiandikwa vizuri namna gani.

Maelezo mazito yana hatari yake. Kuficha jina hakutoshi mahali ambapo wote wanajuana. Ukiandika "mwanamke mmoja wa kisiwa fulani, mjane, mwenye mitumbwi mitatu na duka la nyavu", wenzake wa pale watamtambua kabla ya kumaliza sentensi, na kama alikueleza kuhusu nyavu zisizoruhusiwa, umemweka matatani. Badilisha idadi ya mitumbwi, hamisha duka, usitaje kisiwa, na umsomee kipande chake kabla hujakikabidhi kwa msimamizi wako.